Mtambo Ukisubiri Hulipwa



Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze changamoto za utafutaji wa madini katika kanda ya ziwa. Hilo ni zigo kubwa kwa jioni moja, nami nimelipunguza hadi neno moja: kungoja. Mimi si mwanajiolojia. Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kufikisha vitu mahali pasipofikika kwa urahisi: mtambo, dizeli, maji, mahema, unga, na mara moja friji ya mpishi aliyeapa kwamba hapiki bila friji. Wanajiolojia wanajua kilicho chini ya ardhi. Mimi najua kwa nini hatukuanza kukitafuta siku tuliyosema tutaanza.

Nianzie pale bandarini kwetu. Tarehe 4 Juni 1900 meli ndogo ya mvuke, William Mackinnon, ilishushwa majini hapa Kisumu. Iliundwa Uskoti, kwenye kiwanda cha Bow, McLachlan mjini Paisley, ikafumuliwa vipande vipande na kupakiwa kuja Mombasa. Walioiagiza ni Kampuni ya Imperial British East Africa, na jina ni la mwanzilishi wake. Vipande vilitumwa mwaka 1895, mwaka uleule ambao kampuni ilishindwa na mzigo wa kutawala na serikali ya Uingereza ikatangaza himaya yake. Mackinnon mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1893. Mwenye jina kaburini, kampuni hoi, na meli bado iko kichwani mwa wapagazi.

Reli ilikuwa haijaanza kujengwa. Ilianza Mombasa mwaka 1896. Sotoka ilikuwa imewafagia ng'ombe wa kukokota magari miaka michache kabla. Mwaka 1897 ukazuka uasi wa askari wa Kisudani, na njia ya msafara ikawa njia ya vita. Vipande vilifika kwa mafungu, vingine havikufika. Meli ikakaa miaka 5 bila kuonja maji, halafu ikaelea mwaka mmoja na nusu kabla ya reli iliyopaswa kuihudumia kufika. Mataruma yalifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na Florence Preston, mke wa mhandisi, akapigilia msumari wa mwisho katika mji ulioitwa wakati ule Port Florence.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho au kama ushujaa. Mimi huisoma kama orodha ya mizigo, nikijiuliza ni kipande gani kilichowachelewesha. Kwa mazoea ya kazi yangu, sidhani ni kikubwa. Boila haipotei. Kila mtu anaiona, kila mtu anaiogopa, kila anayeisindikiza anajua jina lake. Kinachopotea ni kisanduku cha ribiti. Tuliwahi kulaza mtambo mzima Nyatike kwa siku 11 kwa sababu ya kiungo kimoja cha paipu ya pampu, kitu kinachoingia mfukoni, ambacho kule kilikotoka kilipakiwa kwenye sanduku lililoandikwa "vifaa vya ofisi". Siku ya kumi na mbili kijana mmoja wa jua kali karibu na Kibuye alikitazama kile cha zamani, akakigeuzageuza, akakata kingine kwenye mashine ya kukerezea kabla chai yangu haijapoa. Kile cha ng'ambo kilifika wiki tatu baadaye kwa ndege, na ushuru juu.

Sasa niwaeleze mtambo wenyewe, maana nimegundua wengi hufikiri ni ule wa kuchimba visima. Wenzetu wa Tanzania wana neno zuri, kuchoronga. Sisi Wakenya tunasema "kudrili" bila haya. Jioni hii naazima la Tanzania. Mwenye kisima anataka shimo. Sisi tunataka kile kilichokuwa ndani ya shimo. Bomba la chuma lenye kichwa cha almasi za viwandani huzunguka, likaukata mwamba pembezoni na kuacha mgogo wa jiwe katikati, kisha mgogo ule huvutwa juu kwa waya. Kwa kipimo kinachotumika sana, kiitwacho NQ, una kipenyo cha milimita 47.6, mnene kidogo kuliko mpini wa jembe. Hupangwa kwenye visanduku, hupigwa picha, hupasuliwa kwa urefu. Nusu huenda maabara, nusu hubaki kuwa shahidi.

Yote hayo hutegemea maji. Maji ndiyo yanayopoza almasi na kupandisha unga wa mwamba. Yakikatika dakika chache, kichwa huungua na bomba hunaswa chini, na bomba lililonaswa huweza kuachwa huko milele pamoja na fedha zake. Mtambo mmoja hunywa maelfu ya lita kwa siku. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza dhahabu iko wapi, mtu wa kazi yangu huuliza mto uko wapi, na nani anautumia.

Shimo la mita 300 kwenye mwamba mtulivu, kwa zamu mbili, huisha kwa siku kama 10. Ishikeni hiyo namba. Maana kutoka siku ya kupata leseni hadi siku ya shimo la kwanza sijawahi kuona ikipungua miezi 8, na niliwahi kuona miaka 4.

Vitabu vya kazi yetu vimeandikwa na watu wa Kanada na Australia. Humo, mahali pa mbali ni mahali pasipo na mtu: ziwa lililoganda, jangwa, helikopta. Ukivileta Nyanza na Magharibi vinakuchekesha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Vihiga. Huko nako miamba ya dhahabu imepita. Kwetu umbali haupimwi kwa kukosa watu. Unaweza kuwa kilomita 14 tu kutoka kwenye lami, ukasikia matatu zikipiga honi, na bado uko mbali kuliko mwezi, kwa sababu kati yako na lile eneo kuna mashamba 60, makaburi, ua wa mkonge, kanisa, kijito wanachoteka maji akina mama asubuhi, na daraja lililojengwa kubebea pikipiki.

Miamba yenyewe ni ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, jamii moja na ile ya Geita na Tarime. Mwaka 1931 mkulima Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu upande wa Kakamega, na Wazungu wakamiminika na sufuria zao. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji, iliyokuwa imeahidi kwamba ardhi ya hifadhi ikichukuliwa itafidiwa kwa ardhi nyingine, ili fidia iwe ya fedha. Sheria ya mwanzo ilikuwa haijafikisha miaka 3. Kuna watu wamekwisha sahau hilo. Wapo wazee wa Ikolomani na Idakho ambao baba zao hawakusahau, na ukifika na vigingi vyako vyekundu leo, wewe unaanza mwaka huu lakini wao wanaendelea na mazungumzo ya mwaka 1932.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Ule wa shaba na dhahabu wa Macalder, Nyatike, ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo hawakufunga kitu. Wako Osiri, wako Mikei, wako Masara, wanashuka kwa kamba hadi sasa. Makampuni yalirudi baadaye. Upande wa Kakamega, African Barrick Gold ilinunua leseni mwaka 2012. Mwaka 2017, ikiwa imebadili jina kuwa Acacia, ikatangaza makadirio ya wakia milioni 1.31 za dhahabu huko Isulu na Bushiangala, kwa wastani wa gramu 12.1 kwa tani, kiwango ambacho mtu wa madini akikisikia huweka kikombe chini. Mwaka 2020 mradi uliuzwa kwa Shanta Gold, na kufikia mwaka 2024 bado ulikuwa mradi wa utafiti. Pigeni hesabu. Siku za kuchoronga kwenyewe ni chache ndani ya miaka hiyo yote.

Wakati unakwenda wapi? Nitawapitisha haraka kwenye yale mnayoyajua, kisha tukae pale ninapotaka tukae.

Unakwenda kwenye karatasi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatoa leseni ya utafutaji kwa muda usiozidi miaka 3 kwa mara moja, na saa yake huanza siku leseni inapotolewa, haingoji mtambo ufike. Mwaka 2019 serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2023. Kuna cheti cha mazingira, kuna kibali cha kuchukua maji mtoni, kuna kibali cha kutoa sampuli nje ya nchi ikiwa maabara yako iko Mwanza. Mtambo ukitoka Geita kupitia Sirari hadi Isebania, ni safari ya siku moja na dhamana ya forodha ya wiki nyingi. Kwenye mizani unaambiwa ekseli moja imezidi, na dereva, tanboi na mtambo wanalala kando ya barabara wakiuziwa ndizi.

Unakwenda kwenye mvua. Ukichelewa miezi miwili tangu Januari, umeingia masika, na udongo mweusi wa mbugani hauna mjadala. Lori la tani 20 linazama hadi kwenye ekseli, trekta la kulivuta linazama pembeni yake, na watoto wa shule wanapata pa kukaa. Mto Kuja ukifurika Nyatike, barabara inakuwa mto. Mwezi Mei 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, rekodi ya wakati ule tangu vipimo vianze, na mahali tulipokuwa tumepanga kuweka pampu palikuwa pa kuvulia samaki. Hata ziwa likiwa tulivu, upepo ukigeuka mchana gugumaji huja kama zulia, likaziba mdomo wa pampu. Tulimwajiri kijana kazi yake ikiwa ni kulisukuma kwa upondo. Kwenye bajeti tulimwandika "mlinzi wa maji".

Unakwenda pia kwa marehemu. Hili halimo kwenye kitabu chochote cha Kanada. Sheria inataka ridhaa ya mwenye shamba aliyesajiliwa. Unaenda kwenye ofisi ya ardhi, unapata jina, unauliza kijijini, unaonyeshwa kaburi. Hati ina jina la babu aliyezikwa zamani, na shamba limegawanywa kwa wana 5 na wajukuu 23 kwa mdomo, kwa mkonge na kwa heshima. Nani atatia sahihi? Tulipata mjukuu mmoja mwepesi wa kalamu, tukamshukuru, tukaanza kuweka vigingi. Shangazi yake akashuka kutoka Nairobi kwa basi la usiku, akaving'oa vyote kabla ya saa mbili asubuhi, akavipanga vizuri mlangoni pa chifu. Alikuwa na haki. Sisi tuliandika kwenye ripoti "kuchelewa kwa sababu ya jamii".

Neno hilo, "sababu ya jamii", limenikera miaka mingi. Na lile la "hivi karibuni". Makampuni yaliyoorodheshwa London na Toronto hutangaza kwamba uchorongaji utaanza hivi karibuni. Nimewahi kuwa mtu wa hivi karibuni. Nilikuwa na laini ya simu kila Jumatatu saa kumi jioni: ofisi ya ng'ambo inauliza mtambo uko wapi, najibu uko mpakani; mkataba wa maji umefika wapi, najibu uko kwa mwanasheria. Kila Jumatatu. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka kujua kwa sababu kungoja kulikuwa kunawagharimu fedha, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mkataba wa kuchoronga una ukurasa mmoja ambao waandishi wa habari hawausomi. Unasema mchorongaji atalipwa kiasi fulani kwa kila mita. Chini yake unasema: mtambo ukiwa umesimama bila kosa la mchorongaji, atalipwa kiasi fulani kwa saa. Barabara imefungwa? Saa inahesabu. Maji hayajafika? Saa inahesabu. Kuna msiba kijijini na wazee wameomba kelele zisimame siku tatu? Tunazima, tunatoa rambirambi, na saa inahesabu. Kuna fundi anayekaa kwenye kiti cha plastiki na karatasi, akiandika saa za mtambo usiofanya kitu, na jioni anakuletea utie sahihi. Ni haki kabisa. Mtambo ule ungeweza kuwa mahali pengine ukipata riziki. Mwenye mtambo amekuahidi wakati wake, ukiuchezea, lipa.

Mtambo ukisubiri hulipwa. Jiulizeni nani mwingine katika mradi huo anasubiri, na analipwa nini.

Kulikuwa na mzee mmoja Nyatike. Simtaji, na kampuni siitaji, maana kosa lilikuwa langu pia. Mwezi wa kumi na moja tulikaa naye chini ya mti, chifu akiwepo, tukaafikiana kuhusu mashimo mawili kwenye kipande chake cha chini, karibu na kijito. Nikamwambia kwa mdomo wangu: "Jaduong', mzee wangu, kipande hiki usikilime mwaka huu, mtambo unaingia mwezi wa pili. Ukilima, magari yatakanyaga." Akauliza, "Mwezi wa pili kweli, nyathina, mwanangu?" Nikasema kweli. Nilikuwa naamini.

Mwezi wa pili mtambo ulikuwa mpakani. Mwezi wa tatu ulikuwa mpakani. Mvua ikaanza. Mimi nilikuwa Isebania nikipigana na karatasi, na kila Jumatatu saa kumi naongea na ng'ambo. Katika wiki hizo zote sikumpigia mzee hata mara moja. Namba yake nilikuwa nayo.

Sasa nisikilizeni wale msio wa huku. Katika mila ya Kijaluo msimu wa kupanda hauanzishwi na yeyote anayeamka mapema. Kuna golo kodhi. Mwenye boma na mke wake wa kwanza, mikai, ndio wanaotia mbegu ya kwanza. Kuna na mambo ya usiku wa kabla ya hapo ambayo si ya ukumbi huu. Wakishapanda wao, ndipo wake wengine, ndipo wana kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mwana akimtangulia baba, ni jambo zito. Wapo siku hizi wasiojali. Boma lile lilikuwa linajali. Na kile kipande cha chini, kilichokuwa na unyevu wa kijito, ndicho ambacho mzee alianzia msimu kila mwaka tangu aoe.

Kwa hiyo mzee alingoja mtambo. Wana wake wanne wakamngoja mzee. Wake zao wakangoja, na mbegu zikiwa ndani ya magunia, na mvua ikinyesha juu ya mashamba yaliyokwisha kulimwa. Vigingi vyangu viwili vyekundu vilisimamisha boma zima, nami sikujua. Ningejuaje? Sikuuliza kipande kile kina kazi gani. Niliuliza kina ukubwa gani.

Aliyewatoa pale ni mikai. Karibu na mwisho wa mwezi wa nne alichukua mbegu kiganjani na jembe, akaenda ukingoni mwa kile kipande, hatua mbili nje ya vigingi, akachimba mashimo matatu, akamwita mumewe. Basi. Golo kodhi imefanyika, wana wakapanda asubuhi ile ile. Lakini mvua ilikuwa imekwenda nusu. Mahindi yale yalitoka mafupi, na hata hao waliokuwa na mashamba mbali na vigingi walivuna kidogo.

Mtambo uliingia mwezi wa sita. Kabla haujaingia, afisa wetu wa fidia alikuja na fomu yake kuhesabu mimea itakayoharibiwa. Fomu ilikuwa nzuri: mahindi kwa mita za mraba, mihogo kwa shina, miembe michanga, miembe inayozaa, mkonge kwa urefu wa ua. Akatembea kipande cha mzee kutoka kona hadi kona. Kilikuwa na magugu. Akaandika sifuri, kwa uaminifu, na mzee akatia kidole gumba.

Jumla ya fidia ya mazao kwa mtu aliyetii ombi letu: sifuri. Jirani yake aliyetupuuza akapanda mahindi hadi kwenye kigingi alilipwa kila bua.

Jioni ile nilikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ni fomu ya mzee. Nyingine ni hati ya saa za kusubiri za mtambo, wiki zile ambazo ulikuwa umesimama Isebania, ambayo nilipaswa kuitia sahihi ili ilipwe. Nilichukua bei ya gunia la mahindi sokoni, nikakadiria kile kipande kingetoa magunia mangapi katika mwaka mzuri, nikaongeza kidogo kwa heshima. Haikufika nusu siku ya kusubiri ya mtambo. Nilitia sahihi hati ya mtambo. Ya mzee nilimpelekea pesa kutoka mfukoni, na alizikataa kwanza kwa sababu, alisema, hakuwa ameomba.

Mtaniambia: hizo ni huruma, wewe ni mtu wa malori, uchumi wa madini hauendeshwi kwa huruma. Sawa. Tuache huruma. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni kadhaa zilizotolewa kwa pupa, mojawapo ikiwa ya kampuni ya Cortec kwenye kilima cha Mrima, Kwale. Wenye kampuni wakaipeleka Kenya mbele ya jopo la usuluhishi la kimataifa wakitaka fidia kubwa. Mwezi Oktoba 2018 jopo likawakatalia, likisema leseni ilipatikana bila kutimiza masharti ya sheria ya Kenya, yakiwemo ya mazingira, na kwa hiyo hakukuwa na haki ya kulindwa. Aliyeruka foleni hakufika kokote. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi Oktoba, Tullow ilisimamisha kazi za mafuta Turkana baada ya wenyeji kuandamana wakidai ajira na zabuni. Mitambo ya mafuta ni ghali kuliko yetu mara nyingi. Fikirieni saa zake za kusubiri, halafu fikirieni ingegharimu nini kuwasikiliza mapema watu waliokuwa na dai la wazi kabisa.

Mimi naomba kitu kimoja tu, na wanafunzi wa sheria waliomo humu wanaweza kukiandika vizuri kuliko mimi. Katika kila makubaliano ya kuingia shambani, kuwe na mstari wa kungoja. Tarehe ya kuingia iandikwe. Ikipita, kila siku ina bei, inalipwa kwa mwenye shamba, mpaka mtambo uingie au kampuni iondoe vigingi vyake na kumwachia ardhi yake. Kama tunavyomlipa mchorongaji, kwa sababu ileile, kwa lugha ileile.

Mhasibu mmoja niliyemwonyesha wazo hili alisema watu watageuza kungoja kuwa biashara. Kila mtu atataka kigingi. Huenda. Lakini mchorongaji naye angeweza kugeuza kungoja kuwa biashara, na wapo wanaojaribu, ndiyo maana tunamweka mtu kwenye kiti cha plastiki akihesabu saa. Hatujawahi kusema tufute kipengele hicho kwa sababu kuna wajanja.

Na kuna faida ambayo mhasibu hakuiona hadi nilipoichora kwenye leso ya karatasi. Leo, tarehe tunayompa mzee haitugharimu chochote, kwa hiyo tunaitoa kama pipi. Mwezi wa pili, jaduong'. Hivi karibuni, jaduong'. Siku tutakapoilipia, hakuna meneja atakayeweka vigingi kabla ya kujua dhamana ya forodha imefika wapi, hati ya ardhi ina jina la nani, na daraja linabeba tani ngapi. Atatafuta maji kwanza. Atakagua masanduku, hata lile la "vifaa vya ofisi". Ataweka kalenda ya mvua na kalenda ya kupanda mezani pamoja na kalenda ya mtambo, na pengine atagundua kwamba mwezi wa nane, mahindi yakishavunwa na udongo ukishakauka, kila mtu ana nafasi. Wachorongaji wazuri niliofanya nao kazi wanalijua hili tayari. Kinachokosekana ni mtu wa ofisini mwenye sababu ya kulitilia maanani.

Mtauliza mashimo yale mawili yalileta nini. La kwanza lilipita kwenye handaki la zamani la wachimbaji kwa mita 40, maji yote yakapotelea humo, tukaliacha. La pili lilifika. Sampuli zilikwenda, majibu yakaja, leseni ikakaribia kuisha, kampuni ikauza, walionunua hawajafika. Juu ya shimo kuna bomba fupi la plastiki kwenye saruji, na namba iliyoandikwa kwa kucha kabla saruji haijakauka.

Mzee bado ana namba yangu ya simu. Kila mwaka mwezi wa pili, kabla ya masika, hunipigia kuniuliza kama kuna mtu yeyote anayekuja. Mwaka huu alipiga nikiwa natayarisha mhadhara huu. Nilimwambia apande.